Boti Mbili za Kalibu Moja

Jumatatu, 2 Novemba 1987

Samaki changu, kilo kumi na nane. Barafu, vipande sita, kimoja kimepasuka. Nyanya nimezirudisha zote, za chini zilikuwa zimeoza. Mwenye nyanya akanung'unika. Anung'unike.

Saa tano Bwana Muthoka, meneja wetu, alikuja stoo mwenyewe. Si kawaida yake. Hoteli inanunua boti ya kutembeza wageni kabla msimu haujaanza. Zimeletwa mbili za kujaribu. Mwenye hoteli, Mama Renata, anateremka kutoka Nairobi Jumamosi kutoa uamuzi. Akataka nitenge ukurasa katika daftari langu la mapokezi ya stoo.

Nikauliza, nitenge kwa ipi.

"Nyeupe. Ya manjano ni ya kuonyesha kwamba tumelinganisha."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Jioni nilikwenda gatini kuziona. Zimetoka katika kalibu moja, kwa fundi mmoja wa Mombasa, mwaka mmoja. Futi kumi na tano kila moja. Faiba. Viti vya watu sita, usukani mbele, kioo cha kukinga upepo. Kila moja ina kibati cha nambari nyuma: moja thelathini na moja, nyingine thelathini na mbili. Ndugu kabisa.

Nyeupe ni ya Bwana Peter, Mzungu wa Mnarani ng'ambo ya feri, anayefunga nyumba arudi kwao. Imepakwa rangi mwezi uliopita. Mstari wa buluu ubavuni. Mito mipya ya viti.

Ya manjano ni ya Bwana Hassanali, mwenye duka la dawa Malindi. Mgongo haumruhusu tena. Alikuwa akivua mdomoni mwa mto Sabaki, na tope lake limebaki katika kila mwanya. Mito imechanika. Rangi imechujuka.

Nitasema kweli hapa: jicho linakwenda kwenye nyeupe. Langu pia lilikwenda.

Jumanne, 3 Novemba

Vitunguu, gunia moja. Mafuta ya kupikia, madebe manne. Sabuni pungufu kwa katoni moja, nimeandika pungufu.

Mchana, gatini na Mzee Athmani, nahodha wa hoteli. Mtu wa Mambrui, miaka kumi na mmoja hapa. Yeye ndiye atakayeendesha hiyo itakayonunuliwa. Nilimwuliza aipendayo. Alizunguka zote mbili, akagonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akasema zote zinaelea na yeye ni mtu wa kuambiwa.

"Na wewe, mwanangu, utaipokeaje boti?"

"Kama ninavyopokea kila kitu. Nitaipima."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi. "Boti si samaki ng'onda, mwanangu."

Kufika saa kumi jiko zima lilikuwa na habari. Kazungu mpishi aliniuliza kama nitaipasua tumbo kwanza, nitoe matumbo, ndipo nipime.

Wacheke. Lakini kwangu hakiingii kitu bila mizani. Si ukaidi. Nikiwa karani wa stoo shuleni kule Voi nilitia sahihi unga sijauona, kwa sababu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na niliona haya kumchelewesha. Magunia tisa. Unga ulikuwa umeota ukungu. Wanafunzi walilazwa. Mmoja hakurudi darasani muhula mzima. Sahihi ilikuwa yangu, si ya aliyesimama mlangoni.

Kwa hiyo nitapima.

Jumatano, 4 Novemba

Hoteli haina mizani ya kubeba boti. Ghala la korosho linayo, ya malori. Nilimwomba dereva wa pikapu, naye anakwenda huko kila Jumatano. Mzee Athmani alifuata. Alisema anakuja kuangalia vituko.

Nilitaka mashine zifunguliwe zibaki gatini, zipimwe boti tupu. Zilifunguliwa. Treila ileile kwa boti zote mbili. Safari mbili, asubuhi nzima.

Vibarua wa korosho walitoka wote nje. Mmoja akauliza hii ni daraja la kwanza au la pili. Mwingine akasema ipasuliwe waone kama ina funza. Nilisimama karibu na karani wa mizani nikasoma mwenyewe. Mizani ile inahesabu kwa kilo tano tano, chini ya hapo haioni. Nimeliandika hilo pia.

Treila peke yake: 140.
Ya manjano juu ya treila: 405. Boti basi ni 265.
Nyeupe juu ya treila: 490. Boti basi ni 350.

Nilirudia nyeupe mara ya pili. 490.

Kibati cha fundi kinasema 255 kwa zote mbili.

Mzee Athmani hakucheka tena. Alipanda ndani ya nyeupe ikiwa juu ya treila, akatembea kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma bila viatu, polepole, kama anayetafuta sindano kwa nyayo. Akashuka.

Kilo themanini na tano. Ni mtu mzima, tena mnene, amelala chini ya sakafu na hatumwoni.

Alhamisi, 5 Novemba

Siku mbaya. Naiandika yote.

Saa mbili nilimpelekea meneja karatasi. Hakukaa kuisoma. Alisema rangi mpya ina uzito. Nikasema ngoja. Nilikwenda stoo nikapima kopo la rangi lililojaa, kisha lililokwisha. Bwana Peter anasema alitumia makopo mawili. Hata ingebaki yote juu ya boti bila kukauka, kilo kumi. Nimeitolea kumi.

Akasema mito. Nikaipima mito. Kumi na moja. Nimeitolea kumi na moja.

Akasema nanga na mnyororo. Nane. Nimeitolea.

Zimebaki hamsini na sita. Nikamwambia, boti kavu hainenepi. Fundi anajaza sponji ngumu chini ya sakafu ili boti isizame hata ikijaa maji. Sponji ikinywa maji, kazi yake imekwisha. Na mbao zilizofunikwa ndani ya faiba zinaoza bila mtu kuziona, pamoja na ubao ule wa tezi unaobeba mashine. Hayo si ya kwangu, nimeyatoa kwa Mzee Athmani jana usiku baada ya isha, nikimwuliza moja moja nikiandika.

Hapo meneja alikaa. Akaisoma karatasi tena, sasa polepole. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Na tangi la petroli?"

Nikautafuta mstari wa tangi katika karatasi. Haukuwapo.

Tangi la nyeupe liko chini ya kiti cha mbele. Limefungiwa humo. Lilikuwa limejaa. La manjano liliachwa gatini pamoja na mashine, kwa sababu lake ni la kubeba mkononi. Nilizipima boti mbili, moja na petroli na moja bila petroli. Mimi. Mimi ninayemrudisha mtu na nyanya zake.

Alicheka. Alimwita karani wa mapokezi aje acheke naye. Mchana jikoni waliniita Mama Petroli.

Nilikwenda gatini nikalitoa tangi nikalipima. Ishirini na mbili. Nimeitolea. Nimesahihisha karatasi kwa wino mwekundu, kosa langu nimelipigia mstari mmoja tu ili lisomeke.

Zimebaki thelathini na nne.

Nilirudi ofisini nikamwekea karatasi mezani. Nikasema nilikosea ishirini na mbili. Thelathini na nne sijakosea. Hata nikiipa mizani ya korosho kosa lake la kilo tano, na nyingine tano, ishirini na nne zinabaki, na bado hajanionyesha zilipo.

Akasema nimechoka, nikapumzike. Sikuchoka.

Ijumaa, 6 Novemba

Asubuhi meneja aliitoa nyeupe mwenyewe. Yeye na karani wa mapokezi, watu wawili. Ilikwenda mbio, ikapiga mviringo mbele ya gati, wageni wawili Wajerumani wakapiga makofi. Akashuka amelowa, amefurahi. Akasema kila mtu ameona.

Nikasema boti inanunuliwa kwa watu sita. Ijaribiwe na sita.

Nadhani alikubali kwa sababu wageni walikuwa wakisikiliza. Nilichagua watu mwenyewe kutoka jikoni na bustanini, nikawapima stoo mmoja mmoja, nikawaingiza katika zote mbili kwa zamu, haohao, viti vilevile. Mzee Athmani kwenye usukani ni wa sita. Kazungu alikaa nyuma.

Ya manjano: kutoka maji hadi ukingo wa tezi, shibiri moja nzima.
Nyeupe: vidole vitatu.

Mawimbi hayakuwapo. Tuko ndani ya hori, mkono wa bahari, maji kama sinia. Feri ilipovuka kutoka Mnarani ikasukuma maji kidogo, na maji yakaingia nyuma, yakamlowesha Kazungu makalio.

Meneja akasema Kazungu ni mnene.

"Mnene nilikuwa kwenye ile ya manjano pia," Kazungu akasema. "Nilipungua wapi nikaongezeka wapi?"

Watu walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Saa kumi niliitwa ofisini. Mlango ukafungwa. Daftari la mapokezi lilikuwa mezani kwake, amelichukua stoo bila kuniambia. Ukurasa umeandikwa tayari, kwa mwandiko wake: boti moja, nyeupe, hali nzuri. Imebaki sahihi.

Alisema amempa Bwana Peter neno lake. Amewaambia mawakala wa wageni rangi yake. Mama Renata akifika kesho akute limekwisha.

Nilimwonyesha sheria yake mwenyewe. Iko mlangoni pa stoo, imepigwa chapa, ameiweka yeye mwaka jana kuku walipoanza kupotea: hakuna kitu kitakachotumika hotelini kabla karani wa stoo hajakikagua na kutia sahihi. Nikasema nimekikagua. Kutia sahihi siwezi.

Alisema sheria ile ilikuwa ya kuku.

Kisha akasema wazi. Kesho saa nne, ama sahihi yangu imo, ama niache funguo na nihame chumba cha wafanyakazi. Kuna watu mia wanaoweza kupima samaki.

Nikachukua kalamu. Alidhani natia sahihi. Nimeandika chini ya mwandiko wake: Haijapokelewa. Kilo 34 hazijulikani. Kisha jina langu lote, Dorcas Wakesho, na tarehe.

Nimerudi chumbani. Nimefunga sanduku. Nguo, Biblia, madaftari haya. Halikuchukua hata nusu saa. Miaka sita na mtu anaenea katika sanduku moja.

Nyumbani Taita watasema nimefukuzwa. Watasema hata kule Voi ilikuwa hivyo hivyo. Waseme. Kule Voi niliondoka kwa sababu nilitia sahihi.

Jumamosi, 7 Novemba

Niliamka saa kumi na moja. Nikafagia stoo, nikahesabu kila kitu, ili atakayepokea funguo asije akasema kuna pungufu. Hakuna pungufu.

Mama Renata alifika saa tatu na nusu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, Kiswahili chake kizuri, kikavu. Meneja alimpeleka gatini moja kwa moja kwenye nyeupe. Alipanda, akakaa kwenye mito mipya, akashika usukani. Alitabasamu. Niliona na nikajua nimekwisha.

Kisha akaomba daftari. Siku zote huomba daftari, hata kwa kuku.

Alisoma. Akaniita. Nikampa karatasi, na wino mwekundu wake. Aliuliza kuhusu wino mwekundu kwanza. Nikamweleza kosa la tangi. Akamwangalia meneja, akaniangalia mimi.

Meneja akasema hizo ni hesabu tu, haziwezi kuthibitishwa bila kutoboa, na Bwana Peter amekataza boti yake isitobolewe hadi ilipwe. Hilo ni kweli, Bwana Peter alikataza. Nikasema Bwana Hassanali tulimpigia simu, akasema toboa popote, ukimaliza niambie umekuta nini.

Mzee Athmani alikuwa amesimama majini hadi magotini, ameishika kamba ya nyeupe. Hajawahi kuingia maneno ya ofisini, miaka kumi na mmoja. Leo aliingia.

"Shikamoo, mama. Kutoboa tumekatazwa. Kufungua skrubu hatujakatazwa."

"Marahaba. Skrubu ipi?"

Akamwonyesha ile ya sakafu, karibu na tezi. Iko hapo tangu fundi. Ina tundu lake tayari.

Meneja alianza kusema kitu. Mama Renata alikuwa ameshavua viatu na kupanda tena ndani.

Skrubu ya kwanza haikutoka, kichwa kilikatika. Ya pili ilizunguka bure, haikushika kitu, kama imetiwa katika uji. Mzee Athmani aliivuta kwa vidole viwili. Ilikuwa nyembamba kama uzi katikati, imeliwa na kutu. Tukatazama tundu. Kwanza hakuna. Kisha tone, likatulia. Tone lingine. Halafu maji ya rangi ya chai yakapanda yenyewe, bila haraka, yakaanza kutiririka kuelekea miguu ya Mama Renata.

Mzee Athmani alichovya kidole akaonja. Akatema.

"Ya mvua haya. Ililala nje bila kifuniko, masika mazima."

Akachukua kisu chake, akaingiza ncha kwenye tundu, ikazama hadi mpini. Ubao haukupinga.

Tukafungua skrubu ileile kwenye ya manjano. Ilitoka ikilia. Ilikuja na unga mweupe, mkavu. Nilitia kidole. Mkavu kabisa.

Mama Renata alivaa viatu vyake. Alisema nyeupe irudishwe. Hakunisifu na sikutaka.

Nilifungua sanduku saa nane mchana. Nguo zimekunjamana.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani. Mahubiri marefu. Nililala kidogo.

Mama Renata amerudi Nairobi. Meneja amepita mbele ya stoo mara nne, hakugeuza shingo. Nami sikugeuza yangu.

Jumatatu, 9 Novemba

Boti moja, ya manjano, futi kumi na tano, nambari 32. Kilo 265. Mito imechanika, kioo kina ufa chini kulia. Imepokelewa. Nimetia sahihi.

Hilo lingetosha. Lakini mchana Bwana Peter alikuja kuichukua ile yake, na meneja akamsaidia kuifunga kwenye treila, nami nilikuwa nikihesabu chupa tupu upande wa pili wa ukuta. Kuna mnunuzi mwingine. Bwana Chengo wa Junju, mwenye malori ya mchanga. Anataka kumpeleka mkewe na watoto wanne baharini Krismasi. Anakuja kesho saa tano kuiona, na treila yake.

Bwana Peter akauliza kuhusu tundu. Meneja akasema tia skrubu mpya na rangi kidogo. Sikusikia Bwana Peter alijibu nini. Kama alikuwa akijua tangu mwanzo au hajui, mimi sijui, na sitaandika nisichokijua.

Nilimfuata meneja ofisini. Nikasema mnunuzi aambiwe. Akasema boti imeondoka katika hoteli, na daftari langu linaishia getini. Nikasema watu sita. Akasema huyu ni mtu mzima ana macho yake.

"Na ukienda kumwambia, Wakesho, usirudi hapa kuniamkia."

Nilikuwa na macho mimi pia. Jicho langu siku ya kwanza lilichagua nyeupe.

Nimeinakili karatasi ya vipimo kwa mwandiko mkubwa. Wino mwekundu nimeunakili pia. Nimeongeza skrubu, maji, kisu.

Jumanne, 10 Novemba

Nilipokea maziwa, mkate, na kamba mti kilo tatu. Saa nne nilifunga stoo. Sikuomba ruhusa, kwa sababu ningenyimwa na bado ningekwenda. Nilimwachia Kazungu funguo na kuandika muda ubaoni.

Feri ilikuwa upande wa pili. Nilingoja. Ilikuja imejaa, ikashusha basi moja na watu na mbuzi, ikapakia tena taratibu kana kwamba leo si Jumanne. Saa yangu ilisema tano kasoro dakika tano bado tuko katikati ya maji. Nilisimama mbele kabisa, kwenye mnyororo. Kuna mtu aliniambia nirudi nyuma, mama, utaanguka. Sikurudi.

Kutoka Mnarani gatini hadi nyumba ya Bwana Peter ni mlima. Nilifika nimelowa jasho. Pikapu ya Bwana Chengo ilikuwa imekwisha kurudi kinyumenyume hadi kwenye boti. Mkewe amekaa ndani ya boti, kwenye mito, mtoto mdogo mapajani. Rangi ilikuwa inang'aa. Pale pa skrubu palikuwa na doa jeupe zaidi, la ukubwa wa shilingi.

Nilimsalimu Bwana Peter kwanza, maana ni nyumba yake. Kisha nikampa Bwana Chengo karatasi. Nikasema mbele yao wote wawili, ili asiseme mtu nilinong'ona.

Bwana Peter akawa mwekundu. Alisema mimi si fundi, mimi ni karani wa jikoni, meneja wangu mwenyewe anaijua boti hii.

Bwana Chengo ni mtu mkubwa, mpole, anasoma akifuata kwa kidole. Alifika kwenye mstari mwekundu akasimama.

"Dada, hapa ulikosea?"

"Nilikosea. Kilo ishirini na mbili."

"Kwa nini umeniandikia na kosa?"

"Kwa sababu lilitokea."

Akasoma mpaka mwisho. Alimwomba Bwana Peter bisibisi. Akaiomba kwa heshima. Bwana Peter alisema bisibisi zote ameshazifunga kwenye makasha ya safari.

Bwana Chengo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Furaha, shuka."

"Nishuke kwa nini? Ndiyo kwanza nimekaa."

"Shuka tu. Tutaongea njiani."

Alishuka akilalamika, mtoto begani. Aliniangalia vibaya, kama mtu aliyemharibia sherehe. Ana haki. Treila yao iliteremka mlima tupu, ikigongagonga kwenye kila shimo.

Bwana Peter alikaa kwenye ngazi ya nyumba. Makasha nyuma yake, yamefungwa kamba. Nilisema kwaheri. Aligeuza uso, na sikumlaumu.

Nilirudi stoo saa saba na dakika kumi. Nimeandika muda ubaoni.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mvuvi aliyetoka, hakuna cha kupokea.

Saa tatu karani wa mapokezi aliniletea barua kwenye bahasha. Mzee Athmani alikuwa mlangoni, amejikinga mvua, akanitazama nikifungua. Barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho. Si ya kufukuzwa. Nadhani meneja alitaka ya kufukuzwa, kisha akafikiri Mama Renata angeuliza sababu, na sababu ingebidi iandikwe.

"Imesema nini, mwanangu?"

Nikamsomea. Kwamba tarehe kumi Novemba niliondoka kazini saa nne bila ruhusa, nikarudi saa saba na dakika kumi.

"Na utaifanya nini?"

Niliisoma mara ya pili, mstari kwa mstari. Saa ni sawa. Tarehe ni sawa. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Nimetia sahihi kwamba nimeipokea.